Ombi la Tatu kwa Mjomba Orazgali

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Wazee wetu mliokaa upande wa heshima, mbali na mlango na mbali na baridi. Ndugu wawakilishi wa kampuni, mliotoka mjini na viatu ambavyo tope la Tasbastau limeshavionea. Wakwe, wachimbaji, mama zangu wa jikoni. Na wewe Bibi Rysty, uliyemzaa huyu tunayemuaga, kwa hiyo lawama zote za leo zianzie kwako: nawasalimuni kila mtu kwa cheo chake, na niliyemsahau ajipe cheo mwenyewe, maana hapa kwetu vyeo vingi vimepatikana hivyo hivyo.

Mshereheshaji amenipa dakika tano. Amenipa kipaza sauti huku anatazama pembeni, kama mtu anayemkabidhi mtoto kisu. Wazee wameshabariki, kampuni imeshasifu, wakwe wameimba mpaka uzi mmoja wa gambusi letu, dombra, umekatika, na kwenye ratiba pamebaki salamu za vijana. Wenzangu wakanisukuma mbele wakasema, Ayap, wewe una mdomo. Ni kweli ninao. Chuo cha ufundi nilikaa mwaka mmoja na nusu, kisha tukaachana kwa amani. Chuo kikabaki na vitabu vyake, mimi nikabaki na mdomo wangu, na mpaka leo sijaona nani kati yetu kapunjika.

Kabla sijafika mbali nimshukuru Mheshimiwa. Alipowekewa kichwa cha kondoo, kama mgeni mkubwa wa leo, alikata sikio akanipa mimi, ndivyo desturi inavyotaka, ili kijana awe msikivu. Nimelila lote, Mheshimiwa, na chumvi ilikuwa sawa. Usikivu bado nausubiri.

Ndugu zangu, tumekusanyika kwa mambo mawili. La kwanza limeandikwa kwenye lile bango la bluu: Mkurugenzi Orazgali, Oreke wetu, anakwenda kaskazini kuongoza mgodi mkubwa, mgodi wenye lifti na maua kwenye ngazi. La pili halikuandikwa popote. Lipo nje, juu ya trela, limefungwa kamba, nalo ni mashine yetu ya kuchambua mawe. Mmeipita wote mkiingia. Kuna mzee mmoja humu ameegemea tairi la trela akafunga kiatu chake vizuri kabisa. Na bado wote waliosema kabla yangu hawakuitaja hata kwa bahati mbaya. Je, ni adabu? Ni woga? Au ni hii nyama ya farasi, ambayo kweli imeiva, ndiyo iliyowaziba midomo?

Basi nitaitaja mimi. Oreke anaondoka na mashine. Kampuni ilimwambia: wewe ndiye uliyeileta, uamuzi ni wako, iache kule au njoo nayo. Yeye akaamua kwenda nayo. Na kila aliyeko humu, pamoja na watoto wanaopita chini ya meza, anajua kwamba mashine ikiondoka, mgodi wa Tasbastau hauvuki baridi hii. Mgodi ukifungwa, shule itafuata, zahanati itafuata, na wazee hawa watabaki wanabariki upepo.

Mtauliza, kijana wa juzi anapata wapi ubavu wa kumsema mkurugenzi mbele ya Mkuu wa Wilaya? Ninaupata kwa mama. Mama yangu Kalamkas ni dada wa Oreke, tumbo moja, hili hapa la Bibi Rysty. Mimi ni mpwa, yeye ni mjomba, na ndugu dereva wa trela, ambaye ni mgeni wetu na amekaa pale karibu na samovari ya chai, naomba nikueleze wewe, wengine wanajua: kwetu Wakazakhi mpwa na wajomba zake ni watani wa kuzaliwa. Nikimsema ananyamaza. Akinyamaza sana namwongezea. Na juu ya utani kuna haki. Mpwa ana maombi matatu kwa ukoo wa mama yake, matatu kwa maisha yake yote, na anachokiomba hanyimwi, iwe farasi, iwe bunduki, iwe mbwa wa kuwinda anayelala kitandani kwa mjomba.

La kwanza nililitumia nikiwa sina hata meno ya mbele. Nikapewa mwanafarasi mwekundu. La pili nililitumia nilipotoka chuoni: niliomba kazi kwenye mashine hii. Wenzangu, kila siku mnanong'ona kwamba Ayap kaingia kazini kwa mgongo wa mjomba. Leo nawathibitishia kwa kipaza sauti, mpumzishe midomo. Limebaki la tatu. Mjomba anajua limebaki, na ndiyo maana wiki hizi za mwisho akiniona kwenye korido ya ofisi anapitia jikoni. Mama zangu wa jikoni walianza kudhani ana minyoo.

Lakini mtu haagwi bila sifa. Nimsifu kwanza.

Nani kasahau tulivyokuwa? Wazee wanasema zamani kromi, haya madini yetu, ilitoka nyeusi, nzito, jiwe la ukubwa wa ngumi ukilibeba mkono unalalamika. Sisi tumerithi makombo. Kwenye kila jiwe moja la kromi wanakuja ndugu zake wanne, mawe matupu, wageni wasioalikwa. Na tulifanya nini? Tulipakia ukoo mzima. Malori yakavuka nyika yamebeba mlima, kiwanda cha kuchenjulia kikausaga mlima, na badala ya pongezi kikatuletea maneno makali. Oreke, kama kiongozi shupavu, alichukua hatua. Alitangaza kwamba kuanzia siku ile kila dereva wa kijiko achague mawe kwa macho. Ndani ya lile shimo, ambamo vumbi likisimama mtu haioni sigara anayoivuta mwenyewe. Sagyndyk, huyu hapa mwenye kofia ya mbweha, aliuliza kwa upole achague vipi wakati meusi na meupe yote yamekuwa kijivu. Mjomba akamwambia atumie uzoefu. Sagyndyk akatumia uzoefu: akapakia yote, kama jana.

Kampuni ikasema tunafunga. Hapo, ndugu zangu, utani nauweka chini kidogo, nitauokota sasa hivi. Hapo huyu mtu alifanya kitu. Alikwenda mjini kuomba mashine, akakalishwa kwenye viti vya nje vya ofisi, akarudishwa. Akaenda tena, akarudishwa. Safari ya mwisho alikwenda na kazy kwenye begi, soseji ya mbavu za farasi wake mwenyewe, na inasemekana harufu yake ilifungua milango ambayo hoja za kitaalamu hazikuifungua. Mashine ikaja. Ningekuwa mimi, safari ya pili nisingekwenda. Hilo nalisema na sitalirudia, kwa hiyo mjomba lishike.

Sasa naokota utani. Mjomba, uliwaambia watu wa televisheni kwamba mashine inanusa. Hainusi. Umekaa nayo muda wote huu, umepigwa nayo picha nyingi kuliko ulizopigwa pamoja na mkeo siku ya harusi, na hujui inafanya nini? Nikueleze kwa mara ya mwisho, usije ukatuaibisha huko kaskazini. Mawe yanapita kwenye mkanda yametandazwa moja moja. Juu yake kuna eksirei, ile ile ya hospitali. Jiwe tupu mwanga unalipenya, kivuli kinakuwa hafifu. Jiwe la kromi ni zito ndani, mwanga unakwama, kivuli kinakuwa cheusi. Basi jiwe lenye kivuli cheusi likifika mwisho wa mkanda na kuanza kudondoka, pumzi ya hewa inalipiga kofi likiwa bado hewani, linarukia upande wa heshima, kama wazee wetu. Mengine yanaangukia mlangoni, kama sisi vijana. Hayo tu. Injinia Saltanat alinifundisha kwa asubuhi moja, akasema hajawahi kupata mwanafunzi mwenye maswali machache kama mimi. Nililipokea kama sifa.

Na siku ya uzinduzi mnaikumbuka? Kwetu furaha haipiti bila kumwagiwa peremende na sarafu. Bibi harusi anamwagiwa, mtoto anayeanza kutembea anamwagiwa, gari jipya linamwagiwa. Mashine ingekosaje? Mjomba mwenyewe ndiye aliyewapanga Bibi Rysty na wenzake juu ya ngazi, akawaambia wasimwage pembeni, wamwage katikati, pale kamera inapoona. Katikati ni mkanda. Na mkanda ulikuwa unakimbia.

Bibi, nakupenda, lakini una mkono mzito. Sarafu za tenge zilishuka kama mvua ya mawe. Eksirei ikaona chuma kitupu, ikaona vivuli vyeusi ambavyo haijawahi kuviona tangu izaliwe, ikadhani imefika kwenye kromi ya peponi. Kofi, kofi, kofi. Sarafu zikaruka zote upande wa heshima. Kwenye kioo cha hesabu ule mstari wa kijani ukapanda mpaka ukagonga dari. Saltanat akamsogelea mjomba amnong'oneze, mjomba akamsukuma kwa kiwiko, akaigeukia kamera akasema, "Ndugu watazamaji, mmeona wenyewe. Tasbastau bado ni tajiri."

Nchi nzima ikaona. Peremende, kwa kuwa ni nyepesi, zilikwenda na mawe matupu, na watoto wa mtaa mzima walishinda kwenye kifusi wakatoka na nyuso za kijivu na mashavu yamejaa. Kiwanda kiliuliza kwa nini mzigo wetu wa kwanza una hela ndani. Mjomba akawajibu ni baraka. Naona ndugu wa kampuni mnatazamana. Kumbe hamkuambiwa? Samahani sana. Kuleni, chakula kinapoa.

Kisha ikaja baridi, na hapa naomba mnisikilize vizuri, mimi mwenyewe nitajaribu. Ile hewa ya kupiga kofi ina unyevu, na unyevu kwenye baridi yetu mnajua unakuwa nini. Matundu ya hewa yakaganda. Mashine ikawa inaona kromi na haiwezi kuigusa, kama mzee asiye na meno mbele ya mfupa. Kila jiwe likaangukia mlangoni, zuri na baya. Kampuni ikaleta hita, hita ikashindwa. Mjomba alikwenda kwenye ghala la Bibi Rysty, akatoa mablanketi ya sufu ya hema la babu, yale Bibi aliyoyaviringisha na kuyapiga kwa mikono yake akiwa bado mwali, ambayo yamefunika watoto wake wote wakizaliwa. Akaifunika mashine, kuta na paa, akaacha tundu la kupitisha mkanda, akaweka jiko katikati. Injinia Saltanat alicheka mpaka akakaa chini. Halafu hewa ikaanza kupiga. Baridi nzima tulichambua kromi ndani ya hema la babu, na mimi nilikuwa mwendesha mitambo pekee katika nchi hii anayevua viatu kabla ya kuingia kazini, kwa sababu Bibi alikuwa anakagua.

Wazo lile lilikuwa la mjomba. Si langu, si la Saltanat. Ningependa liwe langu, nimeshajaribu kulidai kwa wasichana wawili watatu, lakini ni lake.

Sasa niambieni. Mtu aliyeivika mashine mablanketi ya baba yake, anawezaje kuifunga kamba na kuiweka juu ya trela? Kaskazini wana mashine ngapi? Wana kromi nyeusi kama usiku, wanaweza kuichagua hata kwa macho ya Sagyndyk. Wanaitaka mashine ya nini? Hawaitaki. Anayeitaka ni mjomba. Anataka kushuka kwenye gari siku ya kwanza, watu wamepanga mstari, na nyuma yake kitu kikubwa kinang'aa, waulizane, huyu nani, waambiwe, huyu ndiye mwenye mashine. Joho la kuagwa tumemvika leo, lina nyuzi za dhahabu mpaka kwenye kola, halijamtosha. Anataka na mkia.

Na mimi alinipanga mapema. Aliniita ofisini akafunga mlango, akasema, mpwa wangu, kule nitakuweka kwenye mashine ile ile, na chumba ghorofa ya saba, maji ya moto yanatoka ukutani. Mimi nilifurahi, sitadanganya. Lile bafu nimeshaliota. Kwenye ndoto nilikuwa na taulo jeupe. Lakini nilipotoka ofisini nikajiuliza: mjomba anayempa mpwa kitu kabla hajaombwa, anakimbia kuombwa nini?

Tulia, mjomba. Jikoni kumejaa watu leo, hupiti.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, wewe ni shahidi. Wazee, ninyi ni mashahidi. Ndugu wa kampuni, ninyi mliosema uamuzi ni wa Orazgali, mmesema wenyewe na mpo hapa. Mimi Ayapbergen, mwana wa Kalamkas, ninaomba ombi langu la tatu na la mwisho kwa ukoo wa mama yangu. Mjomba, naiomba mashine. Ishuke kwenye trela, irudi mahali pake.

Hata watoto wametoka chini ya meza.

Mjomba amesema kitu. Waliokaa nyuma hawakusikia, nawapelekea. Amesema, "Omba farasi."

Ndugu zangu, mnajua ni farasi gani. Ni yule wa kijivu, mwenye mwendo laini mtu anaweza kunywa chai juu yake, yule ambaye gavana alimtaka akaambiwa anaumwa. Mjomba yuko tayari kunipa yule. Sikujua kama inamuuma kiasi hicho, na sasa najua. Asante, mjomba. Ni zawadi ambayo wanaume humu ndani wangeililia. Lakini yule akiwa zizini kwangu, nani kijijini atabaki wa kumwona? Simtaki farasi.

Amesema tena. Anasema mashine ikibaki, na mimi nabaki nayo; ghorofa hakuna, bafu hakuna. Ni haki yake kusema hivyo. Mama, usinitazame namna hiyo, nilikuwa nimeshalipigia hesabu. Nitaendelea kuoga bafu la mvuke la Sagyndyk siku za Jumamosi, na yeye ataendelea kunisugua mgongo kama anapiga deki. Nabaki, mjomba. Jibu ombi.

Bibi Rysty, kaa tu, Bibi, acha ajibu mwenyewe.

Amesema, "Chukua."

Amesema taratibu, na kwa uso ambao sitausifu, lakini amesema, na Mheshimiwa ameitikia kwa kichwa. Limekwisha. Sina ombi tena duniani. Kuanzia leo mjomba anaweza kupita korido yoyote bila hofu. Mwendesha kreni, maliza chai yako twende nje. Vijana, kamba zile zimefungwa na watu wa mjini, mtazifungua bila shida. Ndugu dereva, samahani kwa safari, ila trela tupu halisumbui mlimani, na mama zangu watakufungia nyama ya njiani.

Na wewe mjomba, nenda salama. Utashuka kwenye gari na joho lako tu, nyuma yako hakuna kitu. Watakuuliza mashine iko wapi. Usiwaambie imeharibika, usiwaambie kampuni ilibadili mawazo, maana wewe kwenye kutunga huwa unazidisha. Waambie ulikuwa na mpwa, akaiomba mbele za watu, ukampa. Wakisikia hivyo watasogea wakupishe upande wa heshima, na huko kaa, pamekufaa siku zote.

Kwa kunivumilia mpaka hapa, wakubwa na wadogo, nawashukuru wote. Asanteni kwa kunisikiliza, hata mliokuwa mnasikiliza huku mmefumba macho.